Kibuyu cha Mama Nanyori Ndani ya Kioo

Mheshimiwa Diwani, Baba Mchungaji, wazee wetu kutoka mlimani, ndugu wageni waalikwa na wafanyakazi wenzangu: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Leo tunamuaga Bi Silantoi, fundi wetu wa picha za leza, zile zinazoonyesha kitu kizima kana kwamba kipo mbele yako, anayestaafu. Nami nimesimama hapa nikiwa nimelala vizuri wiki nzima, jambo ambalo sikulipata tangu Machi.

Machi ndipo chumba chetu cha maonyesho kilipoungua, pamoja na kibuyu cha shanga alichotuazima Mama Nanyori, alichoachiwa na marehemu mama yake. Niliyesaini kukitunza ni mimi. Mngekuwa ninyi, mngemwambia nini?

Kilichobaki ni kioo kimoja, ambacho juu yake Bi Silantoi alikipiga kibuyu kile picha ya leza miaka tisa iliyopita, kilipoletwa kwetu. Lakini kioo hicho, ambacho mafundi hukiita kioo mama, ukikishika juani huoni kitu, mpaka leza ikimulike na kupenya. Je, tungempa mama huyu mtambo wa leza aende nao nyumbani? Ilibidi itolewe nakala ya aina nyingine, inayoonekana kwa taa ya kawaida ikiangazwa kwa mbele.

Nakala ya kwanza ikatoka tupu. Ya pili vilevile. Malori ya barabarani yalikuwa yanatikisa meza ya kazi, na mtikisiko mdogo kuliko unene wa unywele hufuta kila kitu. Kioo kipya kikabaki kimoja.

"Silantoi, tuache," nikamwambia.

"Meneja, usiniharakishe. Niletee mchanga na tyubu nne za gari."

Akaiweka meza juu ya tyubu zilizojazwa upepo ili zimeze mtikisiko, akaisheheneza mchanga, akasubiri Jumapili asubuhi, barabara ilipotulia. Baba Mchungaji, siku ile hakuonekana kanisani, naomba asiulizwe. Leza ikapita kwenye kioo mama, sura ya kibuyu ikaangukia kioo kipya, na mwanga mwingine ukakipiga kioo hicho kwa upande wa pili. Sisi tulisimama nje ya mlango, hata kukohoa tukaogopa.

Wiki iliyopita Mama Nanyori alikuja. Tukawasha taa. Akanyoosha mkono akishike kibuyu, vidole vikapita hewani. Akainama kushoto, akainama kulia, akacheka.

"Hata ufa wa siku nilipokidondosha nikiwa mtoto upo."

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, nilikusamehe tangu Aprili. Simu zangu ulikuwa unazikimbia bure."

Bi Silantoi, asante kwa kukataa kuacha. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza hadi mwisho.