Kadi ya Mwisho ya Katekista Egidi Minani

Mapadre, watawa, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mzee wetu Egidi Minani, na tunawaomba uvumilivu, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kusikiliza jambo lolote hadi mwisho akiwa ameketi.

Marehemu alizaliwa tarehe 1 Septemba 1961 huko Rutana, Burundi, siku ya Mtakatifu Egidi, akiwa mtoto wa nane, ndiyo maana akaitwa Minani, na mwaka 1972 alikimbia na mama yake hadi hapa Ulyankulu, ambako alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, akalima tumbaku, na tarehe 6 Aprili 1986 akasimikwa kuwa katekista. Tarehe 22 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Benigna, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza akiwa Jeska.

Mwaka 1991 padre mmoja mzee alianza kumfundisha Kiebrania, na mama Benigna alipomwona mumewe anafungua kitabu kwa nyuma na kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, alikwenda kwa majirani kuuliza kama malaria imempanda kichwani. Haikuwa malaria. Alikuwa ameanza kamusi ya maneno ya Kiebrania kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyamwezi, kila neno kwenye kadi iliyokatwa kutoka boksi la chaki, na tangu hapo hakutulia tena, aliacha ugali mezani, aliacha tumbaku kwenye bani la kukaushia moto ukiwaka, akapanda baiskeli hadi Usoke kuuliza wazee wanauitaje umande. Tuliteseka, tusidanganyane.

Kadi zote zilikamilika isipokuwa moja, ya neno ger, ambalo kwa Kiebrania maana yake ni mtu aliyetoka kwao akaja kukaa kwa wengine, na Mungu anaagiza apendwe. Aliandika mgeni, akafuta, kwa kuwa mgeni huaga. Akaandika mkimbizi, na kwa Kirundi impunzi, akafuta, kwa kuwa hakuna anayekimbia miaka arobaini. Mwaka 2015 alipopokea cheti cha uraia aliandika raia, akakaa nalo wiki mbili, akalifuta kwa hasira, akisema karatasi haimlazimishi jirani kukupenda. Hofu yake, aliyomwambia mama Benigna waziwazi, ilikuwa kufa kabla hajajua yeye ni nani hapa.

Mwaka 2016 alifika Lusu, wilayani Nzega, kwa mfugaji mmoja, Mzee Luhende, ambaye alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwamba mtu akishalima nao na kuzika nao, wao hawana neno la kumwita, wanamwita jina lake. Marehemu alirudi amenuna, akidai alifuata neno, hakufuata mawaidha.

Novemba 2024 figo zake zilianza kushindwa kazi, akalazwa Tabora mjini mara tatu, na hata huko alizunguka wodini na kadi ile ya ger akiwauliza wauguzi kwao wanasemaje. Jumapili tarehe 9 Machi 2025, akiwa nyumbani, alimwomba Jeska kalamu na rula, akayapiga mstari maneno yote ya kadi ile, akamwambia aandike chini yake Egidi Minani, akaisoma mara mbili, akamrudishia. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, makatekista wenzake, na ninyi majirani, mlioanza kuchimba kaburi kabla hatujatuma mtu kuwaomba, tukamkuta Mzee Luhende, aliyetoka Lusu na basi la kwanza, yumo shimoni na jembe. Msalabani hatukuandika alikotoka, tumeandika kama kadi inavyosema.

Baba, kamusi imekwisha, na baiskeli tumeifungia ndani. Keti sasa, upumzike kwa amani.