Paa la Médiatrice

Mwaka 1996, ndani ya tramu ya kwenda mtaa wa Parkdale, ughaibuni, mzee Dilawar alijifanya anasoma gazeti huku akisikiliza Kiswahili cha abiria wawili. Mbele yake Médiatrice, mkimbizi wa Bujumbura, alikuwa akimwonyesha Gaspard, Mrundi mwenzake aliyejuana naye vituo viwili tu vilivyopita, barua ya mtu aliyehamia katika nyumba aliyoiacha Bujumbura vita vilipogawa mitaa kwa ukabila.

“Anauliza paa linavuja wapi,” alisema.

“Mama, usimjibu!” Gaspard aling'aka. “Ukimjibu, umempa nyumba.”

“Kwani mambo ya paa huulizwa nani, kaka, kama si mwenye nyumba? Tena ametia sahihi. Barua hii naitunza.”

“Sasa haki yako itetewe na mwizi?”

“Kwa leo ndiye shahidi niliye naye. Namwambia abadilishe bati la jikoni kabla ya mvua. Sitaki kurudi nikute dari imeoza.”

Tramu ikasimama, wakashuka wakibishana. Dilawar alibaki na gazeti lake. Alipofukuzwa Kampala mwaka 1972 pamoja na Wahindi wengine aliondoka na hati zote za nyumba yake, na bado anazo. Hakuna aliyewahi kumwandikia, hata kuuliza swichi ya taa ya sebuleni iko wapi.