Mguu wa Mume Wangu

Wenzangu, waislamu nawasalimu kwa amani, na ndugu zangu wa makanisani vilevile. Mama mwenyekiti wa kikao chetu hiki cha ushuhuda amenionya kwamba hapa hatutaji majina, nami nitamtii. Kuna watu ninaowasema ambao bado wana wajukuu humu mjini Mbale, na mmoja ameketi nasi sasa hivi.

Wengi mnanijua kama mwalimu mstaafu wa wauguzi. Hamjui kwamba nilipofika mtaa wetu wa Malukhu nilikuwa nauza kabalagala, zile chapati ndogo za ndizi, na nikiulizwa kazi yangu ya zamani, nilijibu kwamba sikuwahi kusoma.

Nilizaliwa Jinja, katika nyumba ya Wanubi. Babu wa babu yangu aliletwa na jeshi kutoka Sudan, na tangu hapo sisi, hata tukishona nguo au kuuza karanga, watu wakituona wanaona jeshi. Mume wangu alikuwa fundi baiskeli. Mimi nilifundisha muundo wa mwili katika shule ya wauguzi. Darasani tulikuwa na kiunzi cha mifupa ya mtu, mifupa ya kweli, iliyounganishwa kwa waya na kuning'inizwa karibu na dirisha. Wanafunzi walimwita Bwana Mwembamba. Kila somo walimgusa: hapa nyonga, hapa paja, hapa pingili za uti wa mgongo. Nilikuwa na sheria moja, kwamba hakuna anayeandika jina la mfupa kabla mkono wake haujaupapasa.

Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilipokaribia Jinja, askari waliokuwa wakikimbia walianza kubeba kila kitu: vitanda, darubini, hata sufuria za jikoni. Mkuu wa shule akatuambia kila mwalimu achukue anachoweza, akifiche kwake. Mimi nikamshusha Bwana Mwembamba, nikamkunja ndani ya gunia la kahawa, nikampeleka nyumbani.

Mume wangu alilifungua gunia, akalifunga haraka.

"Mama, huyu analala wapi?"

"Jikoni."

"Na sisi tutakula wapi?"

Alicheka, lakini usiku ule alihamishia kitanda chetu ukuta wa mbali. Hata hivyo hakuniambia nimrudishe. Alijua hakuna pengine.

Serikali ikaanguka. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile Jinja nzima ilishangilia, na sisi pia tulishangilia, kwa kuwa na sisi tulikuwa tumewaogopa wale askari. Kesho yake watu wakaanza kuingia katika nyumba za Wanubi kutafuta mali iliyoibwa. Mimi nilikuwa kisimani. Niliposikia kelele na kukimbia, nilimkuta mume wangu chini, damu inamtoka kichwani, na mtu ameinua fuvu juu kwa mkono mmoja.

"Mifupa ya watu iko hapa! Hawa naua watu, naweka kwa jikoni!"

Nikapiga kelele kwamba mimi ni mwalimu, kwamba ile ni mifupa ya shule. Nani angesikiliza? Fikirini, wenzangu: miaka yote ile watu walikuwa wamepotelewa na baba, na kaka, na hakuna aliyepewa hata mfupa mmoja wa kuzika. Sasa wameikuta mifupa, tena kwa Mnubi. Hata leo siwezi kuwalaumu.

Aliyetuokoa alikuwa askari wa Tanzania aliyepita barabarani. Alilichukua lile fuvu, akafungua taya, likajifunga lenyewe kwa springi. Akalifungua tena.

"Jamani," alisema kwa kile Kiswahili chao laini, "maiti gani huyu amefungwa springi na skrubu? Mama anasema kweli. Hiki ni kifaa cha shule."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Lakini bibi mmoja hakucheka. Alisema, "Springi au si springi, huyu alikuwa mtoto wa mtu. Mumzike." Yule askari akatuagiza tumzike, na tukamzika nyuma ya nyumba, mume wangu akishika jembe huku kitambaa kimefungwa kichwani. Wiki ileile tukahamia Mbale. Hakuna aliyetufukuza. Tuliogopa tu.

Hapo ndipo nilipoanguka, wenzangu. Sikuanguka kwa pombe. Nilianguka kwa kunyamaza. Niliapa kwamba sitagusa tena mfupa, sitasema tena kwamba najua mwili wa mtu. Nikawa mama wa kabalagala.

Jirani yetu alikuwa binti anayesomea uuguzi. Shule yao ilikuwa imefunguliwa upya bila vitabu, bila vifaa, na walimu wengi hawakuwa wamerudi. Mume wangu, ambaye hakujua kufunga mdomo, alimwambia mimi ni nani. Binti akaja.

"Mama, nifundishe kidogo tu. Mtihani umekaribia."

"Mwanangu, mimi nauza kabalagala. Unataka ngapi?"

Akaja tena baada ya siku chache, akarudi tena patupu. Mume wangu aliniangalia, akasema, "Basi hata nyonga tu ungemwonyesha." Nikamwambia kama anapenda kupigwa tena, aendelee kunitangaza.

Msimu wa mvua mume wangu akashikwa na malaria. Wauguzi walikuwa wachache, kwa hiyo yule binti, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa amepewa kazi ya sindano katika zahanati ndogo nilikompeleka. Nilikuwa nimekwenda kutafuta maji ya moto kwa ajili ya uji. Niliporudi mume wangu alikuwa ameshachomwa kwinini, pamba imebandikwa kwenye tako. Niliitazama ile pamba. Ilikuwa chini mno, karibu mno na katikati.

Wauguzi mlio hapa mnainamisha vichwa, mnajua. Wengine niwaeleze: hapo chini unapita mshipa wa fahamu mnene kama kidole, unaoendesha mguu wote. Dawa ikiuingia, inauunguza. Mume wangu alisema amesikia moto ukishuka hadi kwenye vidole. Asubuhi aliposhuka kitandani, ncha ya mguu wake wa kushoto iliburutika sakafuni.

Nilikwenda kwa yule binti na hasira ya kuua. "Nionyeshe ulipochoma! Na uliambiwa na nani?"

Akajibu, "Mwalimu alichora ubaoni, mama. Akagawa sehemu nne. Akasema juu, upande wa nje. Lakini ubaoni tako ni bapa. Kwa mtu, sikujua juu inaanzia wapi."

Kisha akasema polepole, bila ukali wowote, "Mimi nilikuja kwako."

Nilirudi nyumbani nikakaa mlangoni nikalia. Mume wangu akaniuliza kulikoni, nikamweleza. Nilitegemea atukane. Alisugua goti lake.

"Mwite," alisema. "Waite na wenzake. Mguu mmoja umelala, lakini mifupa mingine yote ninayo."

Ndivyo tulivyoanza, uani kwetu. Wazee wa msikiti walinung'unika, kwa haki, kuona wasichana wakimshika mume wa mtu. Basi tukapanga: wavulana wanajifunza kwake, wasichana kwangu, juu ya kanga. Walitafuta kwanza ukingo wa mfupa wa nyonga kwa kidole gumba, kisha wakaweka alama ya mkaa. Naye mume wangu hakuacha maneno yake.

"Taratibu, bwana, mimi si unga wa chapati! Na hapo umeshika ufunguo wa baiskeli mfukoni, si mfupa."

Shule yao ikasikia, ikaniita. Nikafundisha hadi nywele zikawa hivi mnavyoziona.

Lakini mguu haukurudi. Mume wangu alivaa kiatu kilichofungwa kamba hadi gotini, na baiskeli za watu alizijaribu kwa kuzisukuma tu. Alipofariki nilimwosha mwenyewe. Nilipofika kwenye shavu la mguu wa kushoto, lilikuwa jembamba kama mkono wa mtoto. Majina yake yote nayajua, na sikuweza kutamka hata moja.

Namshukuru yule askari, popote alipo. Namshukuru yule bibi, kwa kuwa alisema kweli. Namshukuru binti, ambaye leo ni mama mzima, na ambaye hakuniambia tena maneno yale ingawa alikuwa na haki. Mume wangu nilimshukuru mara nyingi, lakini nilichelewa kuanza.

Ninyi mnaoingia zamu jioni hii: kabla ya sindano, tafuteni kwanza mfupa kwa mkono. Na mwanafunzi akikuomba umwonyeshe, acha unachouza, umwonyeshe siku ileile.