Mama Marita Andongwisye na Kopo la Vitambaa

Mama Marita Andongwisye alianza kazi ya ulezi katika Nyumba ya Watoto ya misheni yetu mwezi wa Februari 1928, na atastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1956. Ni miaka ishirini na minane. Katika muda huo amepokea watoto wachanga mia mbili na kumi na mmoja, wengi wao wakiwa wamefiwa na mama zao siku ile ile ya kuzaliwa.

Hakuja na cheti chochote. Alikuja na kijiko kidogo, na sauti ambayo mwalimu wa kwaya aliihamishia benchi la nyuma. Watoto hawakulalamika. Aliwanywesha maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kijiko kwa kijiko, akiwaimbia vibaya, nao wakalala.

Wengi walirudi kwa baba zao walipoanza kula ugali. Wengine hawakuwa na wa kumrudia, kwa sababu baba alikwenda migodini ng'ambo ya mpaka na habari zake zikaishia huko. Hao walitafutiwa wazazi wapya, na hapo Mama Marita alikuwa mgumu kuliko ofisi. Aliyetaka mtoto alipaswa kuja mara tatu, na siku moja kati ya hizo ashinde na mtoto mwenye homa au anayeota meno. Bwana mmoja alinung'unika kwamba hata alipooa hakusumbuliwa hivyo. Mama Marita akamjibu, "Mkeo alikuwa na mdomo wa kukukataa. Huyu hana."

Kila mtoto alipoletwa, Mama Marita alikata kipande kidogo cha nguo ya marehemu mama yake, akakiweka katika kopo la majani ya chai. Mtoto akiondoka, kitambaa kiliondoka naye, ili siku moja aonyeshwe na kuambiwa alikotoka.

Mara moja tu hakufanya hivyo. Aliponisimulia, huku akichambua maharage, niliacha kuandika kwa heshima. Akasema, "Andika, mwanangu. Ukiliacha hilo, yaliyobaki yatakuwa uongo." Kefa, mtoto mwenyewe wa kisa hiki, ameniruhusu pia.

Mwaka 1931 Nesta, mke wa mkulima wa kahawa wa Iyula, alimchukua Kefa akiwa na miezi kumi. Nesta alikuwa amezika watoto watatu. Alimsihi, "Mama Marita, hicho kitambaa baki nacho. Nikimwambia, atakuwa mgeni nyumbani kwangu." Mama Marita akamhurumia, akakirudisha kwenye kopo.

Kefa alipokuwa na miaka kumi na mmoja, aligombana na wenzake kwenye mpira. Mmoja akamwambia, "Usitutawale hapa! Wewe si uliokotwa misheni?" Kefa hakurudi nyumbani. Alikuwa amesikia kwamba mama aliyemzaa alitoka kijiji cha Mpemba, akaifuata barabara kuu kwenda huko, kuulizia ukoo wa mtu ambaye hakujua hata jina lake. Nesta alikuja misheni akilia, akiamini amempoteza mtoto wa nne.

Mama Marita alibashiri alikoelekea, akachukua kitambaa, akatembea siku mbili. Alimkuta Kefa mlangoni kwa mwinjilisti wa Mpemba, amekataa chakula. Alimpa kile kipande cha kaniki iliyopauka, akamtajia jina la mama yake, Tabita, akamweleza alivyofariki. Kisha akasema, "Mama yako Nesta aliogopa. Mimi nilijua kuwa si vizuri, nikanyamaza. Kosa ni langu."

Kefa akauliza, "Sasa mama yangu ni nani?"

"Unao wawili. Mmoja umemshika mkononi. Mwingine yuko misheni, na tangu juzi hajala, kama wewe."

Kefa akaomba uji. Kesho yake wakaanza safari ya kurudi kwa Nesta.

Tangu hapo hakuna mtoto aliyetoka bila kitambaa chake, na kila mzazi aliahidi mbele ya mashahidi kumwambia mtoto ukweli kabla hajaanza shule. Waliokataa walirudi mikono mitupu. Leo Kefa ni seremala. Kiti atakachokalia Mama Marita siku ya kuagwa amekitengeneza yeye, na Nesta ameshona mto wake.

Kopo sasa lina kitambaa kimoja tu, cha Anyitike, binti wa miaka mitatu mwenye mguu uliopinda. Wageni wengi wamemtazama, wakachagua mwingine. Mwezi wa Machi Mama Marita, ambaye hakujaliwa kuzaa, aliomba amchukue yeye. Ofisi ilikubali siku hiyo hiyo. Aliyekataa ni Teresia, msaidizi wake, atakayeshika nafasi yake. Alisema, "Mara tatu, Mama. Ndivyo ulivyonifundisha."

Basi mlezi wetu alibisha hodi mara tatu kwenye mlango ambao amekuwa akiufungua mwenyewe kwa miaka ishirini na minane, akaketi kwenye benchi la wageni. Siku moja alishinda na Anyitike mwenye homa. Mara ya tatu Teresia akamkubalia.

Mama Marita, tunakushukuru kwa kijiko chako, kwa ugumu wako, na hata kwa nyimbo. Tarehe 30 utatoka getini Anyitike akiwa mgongoni, na kitambaa chake mkononi mwako. Nendeni salama, mkaishi kwa furaha na afya. Siku atakapoanza shule atakuwa ameshaambiwa, kwa maana umeahidi mbele ya mashahidi, na mashahidi ni sisi.