Mstari wa Mwaka 2007 katika Faili la Kocha Gulzar

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Bi Gulzar Virani amestaafu ukocha mkuu wa timu ya softboli ya wanawake ya chuo chetu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja kasoro miezi miwili. Chuo kimekwisha kumuaga kwa Kiingereza, kwa keki na picha. Hafla hii ya jioni ni yetu sisi, familia za Waswahili wa Toronto ambazo binti zao amewalea uwanjani. Mwandishi wa maneno haya, aliyekuwa mwandika matokeo wa timu tangu mwaka 1998, ameombwa aeleze habari zake. Anamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemfikisha siku hii, kwa kuwa anayo mengi ya kumsifia, na analo jambo moja la kusahihisha. Katika faili la Bi Gulzar pana mstari mmoja ambao si haki yake.

Bi Gulzar alizaliwa Tabora mwaka 1959. Mkono wake ulifundishwa na rede, mchezo wa wasichana wa shule, ambamo wawili hurushiana mpira wa soksi na wa katikati hukwepa huku akijaza chupa mchanga. Alipofika Parkdale, mtaa wa hapa Toronto, na wazazi wake, akiwa na miaka kumi na sita, aliwaona wanawake wakicheza softboli ndani ya uzio wa waya. Alisimama pale hadi mama yake akaja kumfuata. Wiki iliyofuata alikuwa ndani ya uzio.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mrushaji hurusha mpira kwa mkono wa chini, mpigaji huupiga kwa gongo kisha huvikimbilia vituo vinne, na akirudi salama pale alipoanzia, timu yake huandikiwa pointi; timu hupokezana kupiga kwa zamu. Bi Gulzar aliuona huo kuwa rede iliyovaa glavu. Mwezi wake wa kwanza wa ukocha, Septemba 1994, aliwapanga wachezaji wake wa Kikanada wacheze rede jioni tatu mfululizo. Mtunza viwanja alikuta chupa kumi na mbili za mchanga kwenye nyasi zake, akaandika barua ya heshima kuuliza hiyo ni ibada ya dini gani. Bi Gulzar alimjibu kwa heshima ileile kwamba ni wepesi wa kiuno.

Makocha wengine hutoa ishara za siri kwa vidole. Yeye alipaza sauti kwa Kiswahili. "Chai!" ulikuwa mpira wa polepole, na "Pilipili!" ulikuwa wa kasi. Wale waliozaliwa hapa, ambao nyumbani huulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza, walianza kuiona lugha ya mama zao kuwa silaha. Silaha hiyo ilitumika salama hadi mwaka 2003, tulipocheza na timu moja ya Brampton. Mpigaji wao, binti aitwaye Elinaza Mfinanga, aliipeleka pilipili yetu nje ya uzio mara mbili. Mara ya pili, alipokuwa akipita mbele ya benchi letu, alipunguza mwendo na kukunja goti.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe unasikia?"

"Nasikia, Kocha. Kapike kingine."

Benchi zima liliangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni Kocha. Jumapili ile alikwenda Brampton kuwasalimu wazazi wa binti huyo. Elinaza amekuwa msaidizi wake tangu mwaka 2012, na kuanzia kesho ndiye kocha mkuu.

Vikombe vya jimbo vimeletwa vinne: 2002, 2010, 2014 na 2019. Wachezaji waliopita mikononi mwake wamezidi mia tatu. Siku ya kwanza ya mazoezi hakumuuliza yeyote urefu wala kasi yake. Alimuuliza jina la bibi yake, akalikumbuka. Binti akilegea uwanjani alimwita kwa jina hilo la bibi, na hakuna aliyehitaji kuitwa mara mbili.

Sasa mwaka 2007. Mwezi mtukufu wa Ramadhani ulikuwa umeangukia msimu wa mechi, na nusu fainali ya jimbo ilichezwa siku chache kabla ya Idi. Kamati ya michezo ya chuo ilikuwa imeonya kwamba timu isipofika fainali mwaka ule, itavunjwa. Timu yetu ilikuwa na wachezaji watano waliofunga saumu. Wanne walikuwa mabinti wa Kisomali kutoka mtaa wa Regent Park, ambao hufuturu jua likizama. Wa tano alikuwa mrushaji wetu, Amreen, Mshia kama mwandishi, ambaye husubiri hadi wekundu wa mashariki uondoke, yapata robo saa baadaye. Bi Gulzar ni Mwismaili. Katika miaka yote ile hakuuliza nani kati yao yuko sahihi. Aliuliza saa tu. Kazi ya kulitazama jua alimwachia mwandika matokeo.

Sheria humruhusu kocha kusimamisha mchezo na kuwaendea wachezaji wake uwanjani mara tatu katika mechi, na kila mara huandikwa kuwa kikao. Akienda mara ya nne, mrushaji wake huondolewa kwenye kurusha. Bi Gulzar hakuzihesabu safari zake. Alikuwa akisema kwamba macho yake ni ya wasichana, na hesabu ni ya daftari.

Siku ile aliingia uwanjani mara moja katika zamu ya pili, kumtuliza Amreen. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja aliingia na tende na maji ya mabinti wanne. Dakika kumi na tano baadaye aliingia na tende ya Amreen. Mwamuzi alisubiri kwa adabu. Mwandishi aliandika kikao kimoja tu. Vile viwili vya futari hakuviandika, kwa sababu moyoni mwake vilikuwa ibada, na ibada haiandikwi katika daftari la mchezo.

Katika zamu ya mwisho tuliongoza kwa pointi tatu kwa mbili, na wapinzani walikuwa na watu kwenye vituo viwili. Mipira ya Amreen ilianza kwenda kombo. Bi Gulzar alimgeukia mwandishi.

"Firozbhai, nimebakiwa na ngapi?"

Mwandishi alijibu, "Mbili."

Alipovuka mstari tu, mwamuzi aliinua vidole vinne. Amreen akaondolewa kwenye kurusha. Binti wa mwaka wa kwanza, ambaye hakuwahi kurusha katika mechi, akaupokea mpira huku akilia, na mpira wake wa tatu ulipigwa mbali. Tukafungwa nne kwa tatu.

Kamati ilipodai maelezo, Bi Gulzar aliandika: "Nilipoteza hesabu. Kosa ni langu peke yangu. Niadhibuni mimi, msiwaadhibu wasichana." Timu haikuvunjwa. Yeye aliondolewa ukuu kwa msimu mzima, na mwaka 2008 alibeba mfuko wa mipira nyuma ya kijana aliyemfundisha mwenyewe. Faili lake likaandikwa: kocha alipoteza hesabu.

Mwandishi alikwenda nyumbani kwake Parkdale, daftari kwapani, kumwambia kwamba atakwenda kwenye kamati kukiri. Bi Gulzar alimmiminia chai kwanza.

"Firozbhai, wakikutoa wewe, nani atawatazamia wasichana jua?"

"Lakini si haki, Gulzar."

"Funga hilo daftari. Nahitaji ahadi yako: maadamu niko kazini, husemi."

Ahadi ikatolewa, na imetunzwa kwa miaka kumi na saba na miezi minane. Kila msimu mwandishi aliuona mstari ule, na kila msimu Bi Gulzar alimuuliza jua linazama saa ngapi, kana kwamba hakuna lililotokea.

Kazi yake imekoma leo saa kumi na moja jioni, na ahadi imekoma pamoja nayo. Ndiyo maana mwandishi aliomba karatasi hizi zisigawiwe kabla ya saa hiyo. Vikao viwili vilivyokosekana vimekwisha kuandikwa katika daftari, kwa wino, na saa zake mbili pembeni. Kesho asubuhi ukurasa huo na barua vitakuwa mezani kwa mkurugenzi wa michezo, ili mstari wa mwaka 2007 usomeke: mwandika matokeo alikosea, kocha alimsitiri.

Bi Gulzar, ahsante kwa kila binti uliyemrudisha kwao akiwa amenyooka. Mwenyezi Mungu akupe afya, jioni zisizo na haraka, na watu wa kunywa nao chai. Faili lako ni safi. Nenda kwa amani.

Firoz Kermalli
Mwandika matokeo wa timu