Ermete Alivyomimina Mvinyo

ULDERICO: Haloo? Nani huyo?

NIVES: Ba'mdogo, usikate. Tafadhali.

ULDERICO: Nimeuliza nani.

NIVES: Nives. Binti wa kaka yako. Tulikuwa meza moja sasa hivi.

ULDERICO: Namba hii siijui.

NIVES: Simu ya mhudumu. Yangu kila nikipiga unaikata.

ULDERICO: Mtu akikatiwa simu huwa anaelewa.

NIVES: Uko wapi? Nasikia masanduku yanaburuzwa.

ULDERICO: Nimezungukwa na masanduku. Naelekea stesheni. Kuna mama mbele yangu kanyanyua mwavuli juu, nyuma yake kundi zima la wageni kama bata, sina pa kupita. (kwa pembeni) Taratibu bibi, mguu wangu huo. (anarudi) Nives, mwanangu, mimi na wewe hatuna ugomvi. Umehangaika kutukutanisha, nakushukuru. Nikifika nyumbani Trieste nitakupigia.

NIVES: Hujala. Umekula sardini wawili ukasimama.

ULDERICO: Nilishiba.

NIVES: Ba'mdogo, miaka kumi na moja hamjasemezana. Nimewaomba mmoja mmoja, nimebembeleza tangu Pasaka. Umekuja, umekaa, halafu unaondoka kwa sababu ya glasi ya mvinyo?

ULDERICO: Sikuondoka kwa sababu ya glasi.

NIVES: Basi kwa nini?

ULDERICO: Uliona baba yako alivyomimina?

NIVES: Niliona amemimina.

ULDERICO: Hukuona. Kiganja juu. Chupa kaigeuza kinyume, mgongo wa mkono umeelekea chini. Hivyo ndivyo walivyomimina wasaliti waliotia sumu. Hata mtoto wa shule katika mji huu anajua, humiminii mtu hivyo isipokuwa unamwambia kitu. Na mimi aliniambia. Nimemsikia vizuri.

NIVES: Hiyo ni imani ya wazee tu.

ULDERICO: Mimi ni mzee. Na yeye ni mzee kuliko mimi.

NIVES: Meza zimebanana pale, ba'mdogo. Wameweka viti mpaka kwenye njia ya watu. Yule mgeni mnene alikuwa mgongoni kwake, akikohoa tu meza yetu inasogea. Hakuwa na nafasi ya—

ULDERICO: Usinichekeshe.

NIVES: Kweli, hakuwa na nafasi.

ULDERICO: Ermete amemimina mvinyo miaka arobaini. Amemimina ndani ya boti, sikukuu ya Redentore, boti inayumba, watu wanaimba, hakumwaga tone. Leo kiti cha mgeni kimemshinda? Sikiliza. Baba yetu alimfukuza mhudumu kwa kosa hilo hilo. Alimfukuza mchana kweupe, watu wanakula. Na unajua nani alitumwa kumvua aproni? Ermete. Kwa hiyo usiniambie hajui.

NIVES: Sijasema hajui.

ULDERICO: Basi.

NIVES: Nimesema hakukusudia.

ULDERICO: Wewe mwenyewe ulinyoosha mkono kuichukua chupa. Akakukata jicho. Niliona, Nives. Sikuwa nimelewa.

NIVES: Alitaka kukumiminia mwenyewe.

ULDERICO: Naam. Alitaka, na akanimiminia.

NIVES: Si hivyo. Alitaka... (mtandao unakwaruza) ...tangu asubuhi anasema, Ulderico akija mvinyo namimina mimi, asiguse mtu mwingine. Kaitaja siku nzima.

ULDERICO: Unasema? Hapa hapasikiki.

NIVES: Nasema alikusubiri kwa hamu.

ULDERICO: Alinisubiri amekaa. Nimeingia, hakusimama. Kabanana kwenye kona, bega moja kaligandamiza ukutani kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Namnyooshea mkono, ananipa wa kushoto. Wa kushoto. Mimi na yeye tulikuwa tunawapa hivyo watu wa kodi, kwa kuwadharau, tukacheka jikoni.

NIVES: Ba'mdogo...

ULDERICO: Ngoja, umeniuliza. Nikatoa picha ya mjukuu wangu. Nimeichapisha kwenye karatasi, makusudi, kwa sababu najua hapendi kutazama picha kwenye simu. Namnyooshea. Ananiambia, iweke hapo. Iweke hapo, kama bili.

NIVES: Aliitazama. Bado anaitazama.

ULDERICO: Na anavyozungumza. Neno moja, anapumzika. La pili, anapumzika. Kama askofu anayebariki daraja. Zamani ungemlipa anyamaze.

NIVES: Amezeeka.

ULDERICO: Nimezeeka na mimi, sijawa askofu. (kwa pembeni, kwa sauti ya upole) San Marco? Nenda huko, moja kwa moja, usikate kona. (anarudi) Nimewaelekeza Mestre, nje ya mji.

NIVES: Ba'mdogo, jamani.

ULDERICO: Wana miguu, watarudi.

NIVES: (anacheka kidogo, anaacha) Nawe rudi. Nakuomba. Bado amekaa palepale. Mhudumu anataka meza, kuna Wajerumani wanne mlangoni wanatazama sahani zetu kama paka. Nimemwambia asubiri, amenipa muda wa kupiga simu hii tu.

ULDERICO: Wape meza. Ermete anajua kuwapa wageni vitu. Mgahawa wa baba aliwapa watu wa bara na viti vyake, na picha ya mama ukutani. Unajua nilivyojua? Nilikuja Noeli na keki ya panettone mkononi, nikakuta bango la mgahawa mwingine. Nikasimama nje nasoma bango kama mtalii. Ndani kijana anauza maji ya rangi ya chungwa kwenye vikombe vya plastiki.

NIVES: Najua. Nilikuwepo.

ULDERICO: Hukuwa na kosa wewe.

NIVES: Anataka kukuambia kuhusu hilo. Ndiyo maana alikubali leo.

ULDERICO: Alikuwa na mdomo. Alikaa nao saa nzima.

NIVES: Inamchukua muda siku hizi.

ULDERICO: Nini kinamchukua muda?

NIVES: Kuanza. Kuanza kusema.

ULDERICO: Chakula je? Hicho nacho kinamchukua muda? Mimi naagiza samaki mzima, namwambia tugawane kama zamani. Kaka yangu, mtu aliyenifundisha kumtoa samaki mifupa kwa uma na kijiko, mbele ya wateja, mfupa unatoka mzima kama kitana. Anasema hapana. Anaagiza samaki wa chumvi aliyepondwa. Chakula cha kijiko. Alitaka tumalize haraka, kila mtu ashike njia yake.

NIVES: Siyo hivyo.

ULDERICO: Basi ni vipi?

NIVES: Ana sababu zake.

ULDERICO: Niambie basi. Nimesimama. Nimesimama hapa kwenye daraja la Guglie, wananisukuma huku na huku. Niambie ni vipi, na treni iende.

NIVES: Siwezi.

ULDERICO: Huwezi.

NIVES: Kuna mambo siwezi kuyasema, ba'mdogo. Nimeapishwa.

ULDERICO: Na nani?

NIVES: Nikikuambia na nani nitakuwa nimesema.

ULDERICO: Haya. Sawa. Baba yako kakulea vizuri, mna siri hata za kumimina mvinyo. Kwaheri, mwanangu.

NIVES: Ba'mdogo, usikate. Ukikata sasa hamtaonana tena.

ULDERICO: Maneno ya kunitisha hayo.

NIVES: Sikutishi. Nakuambia ninachoweza.

ULDERICO: Unajua nilikaa na ugomvi huu moyoni muda gani? Mke wangu alipokufa, Ermete hakuja. Hata hivyo nikasema yaishe. Leo nimevaa tai. Nimepanda treni asubuhi nikapanga maneno yangu, nimeyapanga tangu stesheni ya Monfalcone. Nikafika, nikapewa mkono wa kushoto na mvinyo wa msaliti. Mimi ndiye niliyesalitiwa, Nives, halafu mimi ndiye ninayemiminiwa hivyo. Kuna mtu angebaki?

NIVES: Hapana. Kwa ulivyoona wewe, hapana. Lakini— subiri. Ngoja kidogo. (sauti yake inakwenda mbali) Baba? Baba, unakwenda wapi? Kaa. Nakuja, kaa.

ULDERICO: Nives?

NIVES: (kwa mbali, haraka) Wewe, mwache. Usimvute huo. Nimesema mwache mkono wa kulia, hausikii, utamwangusha. Mshike kiunoni. Kiunoni. Weka kiti nyuma yake. Hivyo. Baba, kaa. Hajaenda mbali, kaa tu. (anarudi, anahema) Haloo? Upo?

ULDERICO: (zinasikika kelele za daraja tu)

NIVES: Ba'mdogo? Umekata?

ULDERICO: Nipo.

NIVES: Alitaka kusimama tu. Ameshakaa.

ULDERICO: Mkono wa kulia una nini?

NIVES: Hauna kitu.

ULDERICO: Umesema hausikii.

NIVES: Nilisema mhudumu hasikii. Kuna kelele—

ULDERICO: Nives.

NIVES: Kuna kelele hapa, sahani, watu...

ULDERICO: Bega lilikuwa ukutani. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya meza muda wote. Mimi nilikaa kushotoni kwake. Nani alipanga tukae vile?

NIVES: Yeye. Alifika mapema kuliko wote.

ULDERICO: Ukimmiminia mtu aliye kushotoni kwako kwa mkono wa kushoto... Huna njia nyingine. Kiganja kinatazama juu. Lazima kitazame juu.

NIVES: Mimi sijasema kitu.

ULDERICO: Hujasema. Ni tangu lini?

NIVES: Hujaniuliza kitu, na mimi sikujibu.

ULDERICO: Sawa, sijakuuliza. Tangu lini?

NIVES: (kwa sauti ndogo) Maji ya bahari yalipofurika mji mwezi wa Desemba. Nilimkuta asubuhi sakafuni jikoni, maji yameshaingia. Tangu hapo nguo namvalisha mimi. Kuandika hawezi. Daktari alisema kiharusi cha pili kikija... hakumaliza sentensi, na mimi sikumwomba aimalize.

ULDERICO: Na maneno yake ya polepole.

NIVES: Mwanzoni yalikuwa mabaya zaidi. Kafanya mazoezi. Jina lako alilianza mwezi wa pili, akalipata vizuri mwezi wa tatu. Jina refu, ba'mdogo, ungekuwa unaitwa Ugo ingekuwa rahisi.

ULDERICO: (anapiga kite, kama kicheko) Baba alipenda majina marefu.

NIVES: Na kumimina. Alikuwa anamimina maji jikoni kila jioni, kwa kushoto. Nilikuwa napiga deki nyuma yake. Nilimwambia, baba, acha nimimine mimi, au mwambie ba'mdogo ukweli. Akagoma. Akasema, akija kwa kunihurumia, hajaja. Akasema, na aje akiniona nimekaa kama mtu, tumalize, halafu ndiyo umwambie kwenye simu akiwa kwao. Ile chupa ilipogeuka nilijua umeiona. Na yeye alijua umeiona. Hakuwa na jinsi ya kuirudisha.

ULDERICO: Mpumbavu.

NIVES: Ndiyo.

ULDERICO: Mimi na yeye, wote wawili. (kwa pembeni) Ndiyo, piteni, piteni, mimi ni sehemu ya daraja. (anarudi) Anajua unaongea na mimi?

NIVES: Anadhani nimekwenda kulipa bili.

ULDERICO: Sasa ananisubiri au anaondoka?

NIVES: Anataka kuondoka. Hawezi bila mimi, na anaona aibu kuniita mbele ya watu. Anakaa tu. Wajerumani wameshaingia ndani.

ULDERICO: Wasikae hapo.

NIVES: Nimewaambia.

ULDERICO: Sijamsamehe, Nives. Aliuza mgahawa wa baba bila kunipigia hata simu. Hilo halijabadilika kwa sababu ya mkono.

NIVES: Sijakuomba umsamehe. Nimekuomba urudi.

ULDERICO: Nilikuwa na maneno. Nimeondoka nayo yote tumboni, sikutoa hata moja.

NIVES: Njoo uyatoe.

ULDERICO: Yote?

NIVES: Yote. Bango, panettone, picha ya bibi ukutani, msiba wa ma'mdogo. Ukimpunguzia hata moja atajua nimekuambia. Atafunga mdomo, na mimi sitamfungua tena.

ULDERICO: Unataka nimgombeze mgonjwa.

NIVES: Nataka umgombeze kaka yako.

ULDERICO: (injini ya boti inapita chini) Narudi.

NIVES: Njia kuu imejaa, itakuchukua—

ULDERICO: Usinielekeze mji huu. Napita mtaa wa Ghetto, nashika kando ya mfereji wa nyuma, huko hakuna mwavuli hata mmoja.

NIVES: Nimwambie nini?

ULDERICO: Mwambie nimekosa treni. Hapana. Mwambie nimerudi kwa sababu sijamaliza naye.

NIVES: Hivyo hivyo?

ULDERICO: Hivyo hivyo, kwa sauti mbaya. Na futa uso kwanza, unasikika umelia.

NIVES: Sijalia. Mhudumu anataka simu yake, ba'mdogo, amesimama hapa kaninyooshea mkono.

ULDERICO: Mpe. Na Nives, nikifika nakaa palepale nilipokuwa. Usihamishe kiti.

NIVES: Sihamishi.

ULDERICO: Akinijibu vibaya, usiingilie. Sauti zikipanda, watu wakigeuka, wewe kula chakula chako. Usimkingie hata kidogo, umesikia? Asije akaona umemkingia.

NIVES: Nimesikia. Fanya haraka basi, ameanza tena kusima—

ULDERICO: Mkalishe. Mwambie nakuja na nimekasirika.