Rufaa ya Koplo Gervasi

Kijiwe chetu kiko Ujiji, kwenye njia inayoteremka mwaloni, wanakotua wavuvi, ubavuni mwa banda langu la kutengeneza redio. Ni benchi moja lililopinda katikati na jiko la mkaa la Bucumi, mzaliwa wa Burundi, ambaye kahawa yake ina tangawizi isiyomhurumia mtu. Wenye benchi tuko wanne. Leodgar tunamwita Katibu. Alikuwa katibu wa ushirika wa wavuvi na mpaka leo hatembei bila kalamu mbili mfukoni. Oswald ni fundi baiskeli, ila tunamwita Dokta kwa sababu hakuna ugonjwa asioutajia dawa. Mimi ni Fundi. Wa nne ni Gervasi, Koplo, askari mstaafu, anayekaa mwisho kabisa wa benchi. Alipelekwa mara mbili nje ya nchi kulinda amani. Mara ya pili alirudi mzima, au ndivyo tulivyosema wote.

Jumanne hiyo alikuja na bahasha, akampa Katibu.

Koplo: Nisomee. Sitaki Mama Diana aisome kabla yangu.

Mama Diana ni mkewe, Eufrasia. Miaka miwili nyuma Koplo aliomba fidia ya ulemavu kwa bodi ya mafao ya askari, akajibiwa kwamba viungo vyake vyote viko kamili. Eufrasia akampeleka hospitali. Daktari akaandika sonona, maradhi ya moyo kuzama, yaliyotokana na aliyoyaona kazini. Mama huyo huyo ndiye aliyekata rufaa, kwa mkono wake.

Katibu alisafisha koo.

Katibu: "Rufaa yako imepokelewa. Ripoti ya daktari imeonekana. Unatakiwa kuleta maelezo ya maandishi ya watu wawili wasio ndugu zako, wanaokufahamu kwa karibu, yanayoeleza hali yako ya kila siku. Mwisho ni Ijumaa."

Dokta: Hiyo ndogo! Watu wawili si ndio sisi? Andika, Katibu.

Katibu: Niandike nini?

Dokta: Kwamba mguu haufanyi kazi.

Katibu: Unafanya kazi. Kaja nao hapa.

Dokta: Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bodi ndiyo mkuu, na inataka guu. Basi tulivunje!

Tulicheka. Koplo naye nadhani alitabasamu, sina hakika.

Mimi: Barua haijataja mguu. Inauliza hali yake ya kila siku.

Katibu: Hali yake ya kila siku ni kimya. Sasa kimya nacho ni ulemavu? Mke wangu anaomba kila siku nipatwe nacho.

Dokta: Sikilizeni niwape siri. Hiyo sonona ni hewa ya ziwa. Mtu kakaa huko kwenye vumbi, karudi, hewa ya ziwa inampanda kichwani na kuganda kama mawese ya asubuhi. Supu ya samaki wa migebuka, pilipili nyingi, siku saba. Inayeyuka.

Katibu: Acha fiksi, Dokta. Tatizo ni vile vidonge alivyopewa hospitali. Mtu akilazwa usingizi mchana, roho inatoka kutembea na haijui njia ya kurudi.

Dokta: Basi kuna zaidi ya hapo. Askari wakipelekwa kule wanafungwa maneno. Ulimi unatiwa kufuli. Akitaka tu kusimulia, kufuli linageuka, anabaki anakutazama.

Katibu: Nani kakwambia?

Dokta: Mtu aliyeambiwa na mpishi wao.

Katibu: Ah, mpishi! Huyo namwamini. Naandika kufuli.

Bucumi alikuwa anasuuza vikombe. Aliongea bila kuinua kichwa.

Bucumi: Ninyi, mtu mwenyewe yupo hapa. Muulizeni.

Dokta: Mgonjwa haulizwi uji, Bucumi!

Katibu alikuwa keshajaza nusu ukurasa. Dokta akapandwa na wazo jingine: siku ya kusikilizwa rufaa afuatane na Koplo, na wakubwa wakishakaa, apige bati ghafla, waone wenyewe Koplo anavyoruka.

Mimi: Bati utaliingizaje?

Dokta: Si lazima bati. Hata hivi.

Akachukua spana akaligonga sinia la vikombe. Mlio ulitoka mkali, vikombe viwili vikapinduka. Tulicheka mpaka Katibu akafuta macho. Kisha tukaanza kubishana kipi kina mlio mzuri zaidi, sinia au sufuria.

Wakati huo binti mmoja alikuwa amesimama na kikombe chake. Ella, mwalimu mgeni, hata wiki hajamaliza mjini. Alikuwa ametuamkia na hatukumwitikia.

Ella: Samahani, wazee wangu. Yule baba aliyekuwa amekaa pale mwisho amekwenda wapi?

Tuligeuka. Kikombe cha Koplo kilikuwa bado kimejaa. Kandambili zake zilikuwa chini ya benchi. Katibu alinitazama mimi, mimi nikamtazama Dokta, na Dokta hakuwa na mtu wa kumtazama.

Bucumi alilitua birika, akashika njia ya mwaloni. Tukamfuata. Dokta alikimbia na spana mkononi. Nadhani hakujua kwamba bado ameishika.

Tulimkuta nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, amechutama, mikono masikioni, shati limelowa jasho. Hatua chache tu kutoka hapo wanawake walikuwa wanageuza dagaa. Mmoja wao, Wema, hakuacha kazi yake.

Wema: Msimguse. Huwa anakuja hapo. Tunamwacha mpaka atulie.

Dokta: Tangu lini?

Wema: Tangu aliporudi.

Bucumi alikaa mchangani, mbali naye kidogo.

Bucumi: Amahoro, Koplo.

Kwa Kirundi ni kumtakia mtu amani. Kisha Bucumi akaanza kuongea taratibu, akitazama maji.

Bucumi: Kwangu mimi, ni mlio wa bomba la pikipiki. Ukilipuka tu, niko tena kwenye migomba ya kwetu, nakimbia, mdogo wangu mgongoni.

Koplo alishusha mikono.

Koplo: Ulimfikisha?

Bucumi: Nilimfikisha.

Koplo: Mimi wangu sikumfikisha.

Dokta alifungua kinywa, Bucumi akamwinulia kiganja.

Koplo: Kijana wa doria yetu. Nilimbeba tangu mtoni. Nilikuwa namwambia asilale. Nilipomtua nikaambiwa nilikuwa naongea peke yangu muda mrefu.

 Bucumi alibaki amekaa naye mpaka alipoinuka.

Alasiri tulikaa bandani kwangu. Katibu aliichana ile nusu ukurasa, akaanza upya, polepole, akisoma kila sentensi kwa sauti.

Katibu: "Nimekaa benchi moja na Gervasi kwa miaka minne. Jumanne, saa nne asubuhi, mwenzetu mmoja aligonga sinia kwa spana kwa mzaha. Gervasi aliondoka bila viatu..."

Dokta: Usiandike mwenzetu mmoja. Andika Oswald.

Katibu alifuta, akaandika Oswald.

Katibu: "Tulikuwa watatu, tungeweza kumgusa kwa mkono. Hatukumwona akiondoka kwa sababu tulikuwa tunacheka."

Shahidi wa pili hakuwa yeyote kati yetu. Alikuwa Wema. Maelezo yake yalikuwa mistari minne, na yalikuwa na mengi kuliko ya Katibu. Alhamisi Eufrasia akayapeleka.

Majibu yalichukua miezi mitatu. Bodi ilikubali kwamba Gervasi ana ulemavu uliotokana na utumishi wake, na kwamba matibabu yake yaendelee. Hakupona kwa barua hiyo. Bado kuna asubuhi ambazo haji kijiweni, na Bucumi humpelekea kahawa nyuma ya mtumbwi, akaiweka na kurudi.

Eufrasia ndiye aliyekuja kutuletea habari. Hakuwahi kusimama kijiweni kwetu kabla ya hapo. Alitushukuru, tukaitikia kwa vifua mbele, Dokta akaanza hata kueleza jinsi ushahidi unavyopangwa. Mama Diana alikuwa na nakala ya maelezo ya Katibu mkononi. Aliitazama, kisha akatutazama sisi, bila hasira yoyote.

Eufrasia: Miaka minne, shemeji zangu. Mlidhani alikuwa anakuja hapa kutafuta nini?

Katibu alipapasa kalamu zake mfukoni. Dokta alitazama barabarani kama mtu anayesubiri mteja. Bucumi alifunua birika, akaliinamisha jua liingie ndani, akasema kahawa imekwisha.